Uzi: Mtoto ana kipaji cha sanaa lakini gredi yake ni ya wastani. Apelekwe chuo gani?

Ami wa Majengo

Assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Ninamlea binti ya ndugu yangu, aliyemaliza kidato cha nne na kupata gredi ya wastani ya C, ile isiyo na alama ya kuongeza wala ya kutoa. Kiswahili alipata B+, Kiingereza B-, na hisabati ikamwangusha kwa D. Shuleni kwao somo la Sanaa na Ubunifu halikuwa likifundishwa, kwa hivyo cheti chake hakionyeshi hata chembe ya jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Tangu akiwa kidato cha pili amekuwa akiitwa kuwachora maharusi hina na piko, na hanakili maua yale yale yanayozunguka kwenye simu za watu. Huketi kwanza na bi harusi, akaomba aonyeshwe leso (kanga) alizotunzwa, akachagua moja, kisha akalitoa pindo la leso ile na kulipandisha kutoka kwenye vidole hadi kiwikoni, huku akilipunguza pale mkono unapokuwa mwembamba ili nakshi isivunjike. Wenye kuolewa siku hizi humwekea nafasi mapema.

Kikao cha ukoo kimegawanyika. Shangazi zake wanataka asomee ununuzi na ugavi. Mjomba wake aliye bandarini anasema amtafutie kozi ya uwakala wa forodha kwa kuwa huko ndiko Mombasa inakopatia riziki. Mimi sina ujuzi wa mambo ya sanaa, lakini nafsi yangu inakataa kumtia msichana huyu mahali ambapo hesabu ndiyo kazi ya kutwa kucha. Naomba kujua ni vyuo gani vinavyopokea mwanafunzi wa namna hii, vinataka nini kutoka kwake, na kama karatasi atakayotoka nayo itatambuliwa. Naomba majibu yenye hakika, kwa sababu nasaha za kumwambia mtoto ajiamini tumekwisha kuzisikia za kutosha, na hazilipi karo.

Mwalimu Mstaafu, Kizingo

Wa aleikum salaam, Ami. Nilifundisha Sanaa na Ubunifu katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na swali lako niliulizwa na wazazi kila mwaka matokeo yalipotoka. Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi hulianza jambo hili kwa majina ya vyuo na kulimaliza kwa kuvunjika moyo.

Katika utaratibu wa Kenya, gredi ya wastani ndiyo inayoamua mtu aanzie ngazi gani. Digrii inahitaji C+ au zaidi, diploma inahitaji C-, cheti kinahitaji D, na walio chini ya hapo wanapokewa katika ngazi ya ufundi stadi. Kipaji, hata kiwe kikubwa namna gani, hakimpandishi mwenye C akaingia digrii moja kwa moja. Huo ndio ukweli, na ni afadhali binti aujue mapema kuliko kuuziwa matumaini. Lakini angalia upande wa pili: C yake inakivuka kizingiti cha diploma na kubakisha nafasi. Kwa hivyo hana haja ya kurudia kidato cha nne, jambo ambalo naona baadhi ya familia hulikimbilia kwa haraka na kumpotezea mtoto mwaka mzima akipigana na hisabati ile ile.

Njia yake ni diploma kwanza, kisha digrii ikiwa ataitaka. Vyuo vikuu vingi vyetu hupokea wenye diploma iliyofuzu vizuri katika fani inayohusiana, na vingine humpunguzia mwanafunzi baadhi ya masomo aliyokwisha kuyasoma. Akifika huko, mlango wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa usanifu, yaani kubuni michoro na miundo, wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa sanaa za uchoraji na uchongaji, wa Maseno kwa sanaa na usanifu, na wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, yote itakuwa mbele yake. Nimewaona waliopita njia hii wakawapita kwa mbali wenzao walioingia moja kwa moja, kwa sababu walifika chuoni wakiwa tayari wana mkono uliozoea kazi.

Kuhusu mahali pa kutafuta, ingieni katika tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na mtafute kwa jina la kozi, wala msitafute kwa jina la chuo. Andikeni kwa Kiingereza majina ya kozi kama usanifu wa grafiki, ubunifu wa mitindo, usanifu wa ndani ya majengo, uhuishaji (picha za katuni zinazotembea), utengenezaji wa filamu, sanaa za uchoraji. Mtaona vyuo vya umma ambavyo hamkuwahi kuvifikiria. Wanaopangiwa nafasi katika vyuo vya umma vya kiufundi wanaweza pia kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na hilo peke yake huamua mengi katika nyumba zetu. Isitoshe, nafasi za vyuo vya kiufundi haziko kwa waliomaliza mwaka huu peke yao. Waliofanya mtihani miaka ya nyuma nao huruhusiwa kuomba.

Wakala wa Forodha

Ami, usinione mkatili, lakini nitasema upande ambao wengine watauonea haya. Piko ni kipato cha msimu. Mwezi wa Shaabani harusi hufululiza hadi mtu akakosa usingizi, kisha Ramadhani inaingia na mkoba unakauka. Mimi nina vijana wawili katika ofisi yangu waliosomea sanaa, mmoja filamu na mwingine uchoraji, na wote wanaandika makaratasi ya makontena. Binti asomee jambo lenye ajira kwanza, na sanaa aifanye jioni na siku za Jumamosi. Hakuna atakayemnyang'anya mkono wake.

Mchoraji wa Tudor

Ndugu Wakala, nakuheshimu, lakini umechanganya mambo mawili. Hukutuambia vijana wako walisoma hadi ngazi gani, chuo gani, na walitoka wakiwa na kazi gani za kumwonyesha mwajiri. Mimi nilipata C-, nikasomea diploma ya usanifu wa grafiki Nairobi, na leo ninaishi kwa kazi hiyo hapa hapa Mombasa: mabango ya hoteli za pwani, vifungashio vya wauza viungo na kahawa, nembo za maduka, vitabu vya mashirika, na wateja wa nje wanaonipata kwenye intaneti. Sijawa tajiri. Lakini sijawahi kukaa mwezi mzima bila kazi, na hilo ni zaidi ya wanavyoweza kusema wengi waliosomea ununuzi na ugavi, ambao wamejaa mjini kuliko nafasi zenyewe.

Ami, niseme jambo ambalo naona Mwalimu hajaligusa. Watu hulitaja neno sanaa kana kwamba ni fani moja, na hapo ndipo wazazi hukosea chuo. Kuna mtoto anayechora sura ya mtu ukamtambua. Huyo ana jicho la uchoraji wa picha na huenda uhuishaji ukamfaa. Kuna anayechukua udongo au mti na kuutoa umbo. Huyo mpelekeni kwenye uchongaji, na kabla ya chuo chochote aende Changamwe akakae na wachongaji wa ushirika wa Akamba aone kazi inavyofanywa kwa riziki. Binti yako, kwa maelezo yako, ana jicho la nakshi. Anajua namna pindo linavyojirudia na namna ya kulipunguza lisivunjike linapofuata umbo la mkono. Hicho ni kipaji cha usanifu wa vitambaa, mitindo na mapambo ya ndani ya majengo. Ukimtia katika kozi ya filamu kwa sababu tu ni ya sanaa, ataona amepotea kama ambavyo angepotea kwenye forodha.

Kwa hivyo ningeanza na mambo mawili. La kwanza, Kenya Coast National Polytechnic, iliyo barabara ya Kisauni, ile tuliyoijua zamani kama taasisi ya mafunzo ya kiufundi ya Mombasa. Aende akaulize kuhusu ubunifu wa mitindo na ushonaji. Ni chuo cha umma, atalala kwenu, na nauli ni ya matatu moja. La pili, vyuo vya Nairobi vinavyofundisha usanifu kwa upana zaidi. Taasisi ya Sanaa ya Buruburu ina jina katika uchoraji na usanifu. ADMI, chuo cha sanaa za kidijitali, hufundisha grafiki, uhuishaji, filamu na utayarishaji wa muziki. Kwa wanaotaka kamera na redio iko KIMC, taasisi ya serikali ya mawasiliano ya umma iliyoanza mwaka 1961. Vyuo binafsi ni ghali zaidi na lazima mhesabu pia chumba na chakula cha Nairobi.

Bi Kisauni

Nisamehewe kuingiza langu katika uzi wa Ami, lakini linakaribiana. Mwanangu wa kiume amepata D+. Anapiga kibodi na fidla katika kikundi cha taarabu, na wazee wa kikundi husema sikio lake halikosei. Kwa gredi hiyo, je, kuna chuo cha muziki kinachoweza kumpokea, au nimwambie arudi darasani?

Mpiga Udi

Bi Kisauni, asirudi darasani kabla hujaangalia upande wa kusini. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho wengi hukijua kwa herufi DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Hicho ni chuo ambacho taarabu, kidumbaki na ngoma hufundishwa kama masomo yenye walimu na mitihani, na ala za udi, kanuni, fidla na akodioni zina madarasa yake. Sisi wa Mombasa tulibahatika kuwa na marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyekaa mjini hapa na udi wake hadi alipofariki mwaka 2016, lakini vijana waliojifunza kwake walijifunza kwa kukaa miguuni pake. Kijana wako akipata vyote viwili, yaani kikundi cha nyumbani na darasa la nadharia ya muziki, atakuwa na kitu ambacho wapigaji wengi wa hapa hawana, nacho ni kusoma na kuandika nota.

Bara ya Tanzania kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi vyote viko chini ya paa moja, na hutoa cheti na diploma. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, ambako huangaliwa zaidi uwezo wa kupiga ala kuliko gredi za kidato cha nne. Mwambie pia afanye mitihani ya ala ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, daraja baada ya daraja. Mitihani hiyo haimuulizi mtu alipata nini katika kemia, na cheti chake kinaeleweka nchi nyingi.

D+ yake, kwa ngazi alizozitaja Mwalimu, inamtosha kwa kozi ya cheti hapa Kenya. Akimaliza cheti anapanda diploma. Ni safari ndefu kidogo, lakini haina kuta.

Mama Likoni

Naomba niongeze tahadhari, kwa sababu imetugharimu pesa nyumbani kwetu. Dada yangu aliandikishwa katika chuo kimoja binafsi hapa mjini kilichojiita cha sanaa na vyombo vya habari. Ofisi ilikuwa nzuri, kiyoyozi kinavuma, picha za wahitimu waliovaa majoho zimejaa ukutani. Karo ililipwa mwanzoni. Darasani palikuwa na kompyuta chache zinazogombaniwa na mwalimu anayebadilika kila muhula, na ilipofika wakati wa mtihani ndipo ikajulikana kwamba chuo hakikuwa kimesajili kozi ile kwa mtahini yeyote. Alitoka na karatasi yenye muhuri wa chuo chenyewe, na hakuna chuo kikuu kilichokubali kuitazama.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, ulizeni mambo haya na msione haya kuyauliza. Chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya kiufundi? Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti yao, na ni ya kila mtu kuisoma. Kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa? Mtahini wa mwisho ni nani: KNEC (baraza la mitihani la taifa), TVET CDACC (mtahini wa vyuo vya kiufundi), au ni chuo kinajitahini chenyewe? Na mwisho, ombeni kutembezwa kwenye karakana siku ya kazi, wakati wanafunzi wamo. Chuo cha sanaa kisichotaka kukuonyesha karakana yake kina jambo.

Ami wa Majengo

Nashukuru sana, Mama Likoni, na wengine wote. Nimemwonyesha binti majibu haya na amefurahi kuliko nilivyotarajia, hasa aliposoma aliyoyaandika Mchoraji wa Tudor kuhusu nakshi, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba anachokifanya kwenye mikono ya maharusi kina fani yake chuoni.

Nina maswali mawili. Kuna jamaa yetu anayesema tusihangaike na Kenya, nchi za nje kipaji ndicho kinachopimwa. Je, ni kweli? La pili, kila ninayemuuliza mtaani anataja potifolio, yaani jalada la kazi za msanii. Piko hufutika baada ya wiki mbili. Ataonyesha nini?

Mswahili wa Leipzig

Ami, salamu kutoka Ujerumani. Nilizaliwa Ganjoni na sasa ninasoma katika mji huu wenye chuo kikongwe cha grafiki na sanaa ya vitabu. Nitajibu la kwanza.

Jamaa yenu amesema nusu ya ukweli. Katika vyuo vya sanaa vya huku, kazi za mwombaji ndizo zinazoamua. Unatuma jalada la kazi zako, walimu wanalipitia, wakiridhika wanakuita kwenye mtihani wa kuchora na mahojiano. Vyuo vingi vina hata kifungu kinachoruhusu mtu mwenye kipaji cha pekee kuingia fani ya sanaa bila kutimiza masharti ya kawaida ya vyeti. Tena vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi karo; Baden-Württemberg ni moja ya majimbo yanayowatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, nako ni euro 1,500 kwa muhula. Sasa nusu iliyobaki: lugha ni Kijerumani, na lazima uithibitishe kwa mtihani. Na kabla ya viza unatakiwa kuonyesha akaunti iliyofungwa yenye pesa za mwaka mzima za kujikimu, ambazo kuanzia Septemba 2024 ziliwekwa kuwa euro 11,904. Kwa familia nyingi za Majengo hapo ndipo mazungumzo yanapoishia.

Marekani nako jambo ni lile lile kwa sura nyingine. CalArts, chuo cha sanaa kule California, haidai alama za SAT, mtihani wao wa kuombea vyuo, na hutazama kazi kwanza. Shule ya Taasisi ya Sanaa ya Chicago hutoa misaada ya masomo kwa kuangalia potifolio. Waombaji wa kule hupakia kazi zao kwenye mfumo uitwao SlideRoom, na kuna siku maalumu, ziitwazo National Portfolio Day, ambazo wawakilishi wa vyuo hukaa na kijana wakamwambia bure kazi ipi ina nguvu na ipi aiache nyumbani. Baadhi ya siku hizo hufanyika mtandaoni, na binti anaweza kuhudhuria akiwa Mombasa. Ningemshauri ahudhurie hata kama hana nia ya kwenda, kwa ajili ya yale maoni tu. Lakini karo ya CalArts peke yake imepita dola 50,000 kwa mwaka, na msaada wa masomo wa sehemu tu hauwezi kuziba pengo hilo. Mkitaka kupata ushauri wa Marekani, nendeni EducationUSA, huduma ya ubalozi wao Nairobi, ambayo haitozi kitu. Msimlipe wakala.

Karibu zaidi na nyumbani, msisahau Makerere. Shule yake ya sanaa, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ndiyo iliyowalea wasanii wengi wa kanda yetu. Elimo Njau, mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, alisoma huko. Mwenye diploma ana njia ya kuingia, na waliofika miaka 25 wana mtihani wao wa watu wazima. Kwa binti huyu, Makerere baada ya diploma ni jambo la kufikirika kabisa.

Mwalimu Mstaafu, Kizingo

La pili ni langu, Ami, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo mambo yanapoharibikia.

Vyuo vingi vya diploma vya hapa havidai potifolio kwa sharti, na hiyo ndiyo sababu watoto wetu hawaitayarishi. Mimi ningemtaka aitayarishe hata hivyo. Itamsaidia kwenye mahojiano ya chuo binafsi anapoomba kupunguziwa karo, itamsaidia kupata nafasi ya mafunzo ya kazini, na baada ya diploma itamsaidia kuingia digrii. Gredi ya C itabaki C maisha yake yote, ilhali potifolio anaweza kuiongeza kila mwezi.

Piko lipigwe picha. Lakini zile picha za harusini, zenye bangili, taa za rangi na nusu ya uso wa shoga yake, hazifai. Amkalishe dada yake karibu na dirisha saa nne asubuhi, mkono uwekwe juu ya kitambaa cheupe kisichong'aa, simu iwe sambamba na mkono juu yake, na taa ya simu izimwe. Apige mkono mzima mara moja, kisha akaribie pale pindo linapopindukia kifundo. Picha hiyo ya pili ndiyo itakayomwambia mwalimu wa usanifu kwamba huyu anajua anachokifanya.

Kisha, na hili ni muhimu kuliko picha, aonyeshe alivyofikia pale. Achukue leso moja aliyowahi kuitumia. Aichore kwenye karatasi ya A3 kama ilivyo: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), kwa vipimo, kwa kuwa leso ina karibu sentimita 150 kwa 110 na mpangilio wake una kanuni. Karatasi ya pili aonyeshe ni kipande gani cha pindo alichokichagua. Karatasi ya tatu aonyeshe alivyokipunguza hatua kwa hatua. Ya nne iwe mkono wenyewe. Kurasa hizo zina thamani kuliko picha ishirini nzuri zisizo na maelezo, kwa sababu chuo hakitafuti mtu aliyekwisha kuwa hodari bali kinatafuta mtu anayefikiri kwa mkono na anayeweza kufundishwa.

Aende zaidi ya hapo: abuni leso yake mwenyewe, kamili, na jina lake. Atembee Mtaa wa Biashara, aombe ruhusa ya wenye maduka, atazame ni zipi zinazonunuliwa na kina mama wa Likoni na zipi zinazonunuliwa na watalii, aandike alichokiona. Aende Mji wa Kale achore milango, si mmoja mzuri unaopigwa picha na kila mgeni, bali mitatu au minne, akilinganisha nakshi za fremu. Aingie Fort Jesus atazame vyungu na sahani katika jumba la makumbusho.

Kuna udhaifu mmoja lazima niutaje, kwa kuwa binti hakusoma somo hili shuleni: huenda hajazoea kuchora kitu kilicho mbele yake. Wachoraji wa nakshi wengi wana upungufu huo, na walimu wa vyuo huugundua kwa dakika moja. Achore kila siku kwa penseli, bila kufuta, kile kilichopo: mbuzi wa kukunia nazi, viatu mlangoni, mkono wa bibi yake unaopepeta mchele. Michoro hiyo isitupwe hata ikiwa mibaya. Daftari la michoro, lenye makosa yake, ni sehemu ya potifolio, na mimi nilikuwa nikilifungua kabla ya kutazama kazi zilizowekewa fremu.

Jumla iwe kazi kumi na mbili hadi ishirini. Akiwa na nane nzuri na kumi za kujaza, aweke nane.

Wakala wa Forodha

Mwalimu, nimesoma yote na nakiri jambo hili lina utaratibu kuliko nilivyodhani. Bado nasema ahesabu riziki. Kama ni mitindo na vitambaa, ajifunze na bei: kitambaa kinagharimu nini, mshonaji analipwa vipi, mzigo kutoka India unatozwa ushuru gani. Hilo la mwisho naweza kumfundisha mimi bila malipo.

Mchoraji wa Tudor

Hapo, Ndugu Wakala, tumekutana. Msanifu anayejua ushuru wa vitambaa ni adimu hapa mjini, na leso nyingi tunazozivaa zinachapishwa India na Uchina.

Ami, wakati mnasubiri nafasi, asikae nyumbani. Swahilipot, karibu na Fort Jesus, ni mahali pa vijana wa sanaa na teknolojia. Ajiunge, ajifunze programu za kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu nakshi ya mkono lazima siku moja iingie kwenye kompyuta ndipo kiwanda kiichapishe. Na kwa wale wanaousoma uzi huu wakiwa na watoto wenye gredi za chini kuliko hizi, au wasio na cheti kabisa lakini wana ufundi: NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na ina kituo hapa Mombasa. Fundi cherehani aliyejifunzia barazani anaweza kupimwa na kupewa cheti cha serikali.

Bi Kisauni

Na wadogo zao? Nina mwingine yuko sekondari ya chini, naye anachora.

Mwalimu Mstaafu, Kizingo

Bi Kisauni, huyo ana bahati ambayo kaka yake hakuwa nayo. Katika mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza walioingia gredi ya kumi Januari 2026 walichagua miongoni mwa mikondo mitatu, na mmoja ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Lakini si kila shule ina mkondo huo. Ulizeni mapema, kabla ya kujaza chaguo za shule, kama shule mnayoitaka inaufundisha kweli na ina mwalimu wake.

Ami wa Majengo

Tumekaa tena kama familia. Shangazi zake wamekubali, kwa sharti kwamba awe katika chuo cha umma. Tumefikiri aweke kozi ya usanifu katika chuo cha umma cha Nairobi kuwa chaguo la kwanza, na ubunifu wa mitindo hapa Kisauni la pili. Picha za piko ameanza kuzipiga upya. Mwalimu, unaonaje mpangilio huo?

Mwalimu Mstaafu, Kizingo

Ami, kabla ya kuthibitisha, fungueni kila kozi kwenye tovuti ya KUCCPS na msome masharti ya masomo, si gredi ya wastani tu. Baadhi ya kozi za usanifu zinataka alama fulani katika hisabati au fizikia, na ile D inaweza kumfungia mlango ambao C yake imeufungua. Ikiwa ya Nairobi inadai hisabati, ya Kisauni iwe ya kwanza. Na mwambie alete daftari la michoro kwangu Kizingo Jumamosi baada ya adhuhuri, pamoja na leso aliyoichagua.